Maswali ya Wasomaji: Kinasa Video Kinapokwama Katikati ya Rekodi

Barua nyingi za toleo hili zinahusu chombo kimoja: kinasa video cha nyumbani, ile DVR inayokaa chini ya runinga au ndani ya king'amuzi chenyewe, ikihifadhi vipindi kwenye diski ili vitazamwe baadaye. Tumechagua chache. Karibu zote zinazunguka swali ambalo waandishi wake hawakuliuliza: je, kasoro iliingia wakati wa kurekodi, au inaingia wakati wa kucheza rekodi? Rekodi iliyoharibika tangu ilipoandikwa haiponi kwa kubadilisha diski, wala diski inayokufa haiponi kwa kunyoosha dishi, na nimeona watu wengi wakitumia pesa upande usiohusika.

Swali: Ndugu Mhariri, king'amuzi changu kina diski ndani yake na nimekitumia kwa miaka minne. Tangu miezi miwili iliyopita, kila ninapotazama rekodi, picha hukatika na kugeuka vipande vya mraba, sauti hukwaruza, kisha mambo hurudi sawa. Nikitazama chaneli hiyohiyo moja kwa moja sioni tatizo lolote. Fundi niliyemwita alinisikiliza kwa dakika mbili akasema diski imekufa. Je, ninunue nyingine? — *Mtazamaji wa usiku*

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Dalili ulizozitaja zinaweza kutoka kwenye diski, lakini zinaweza pia kutoka kwenye waya wa dishi, na hakuna fundi awezaye kuzitenganisha kwa kusikiliza maelezo tu. Kipimo cha kuzitenganisha unacho mwenyewe mkononi, nacho ni rimoti.

Chagua rekodi moja yenye kasoro. Picha inapovunjika, soma saa ya rekodi kwenye skrini, tuseme dakika ya 23 na sekunde ya 41, uiandike. Rudisha nyuma dakika moja, ucheze tena, na ufanye hivyo mara tatu. Ikiwa picha inavunjika katika sekunde ileile na kwa vipande vilevile, tuseme shavu la kushoto la msoma habari likigeuka ngazi za rangi mara zote tatu, na sauti ikikwaruza kwa namna ileile, basi kasoro imo ndani ya faili. Iliandikwa hivyo, na diski inakurudishia kwa uaminifu kile ilichopewa. Ikiwa mara ya pili mahali pale pamepita salama na kasoro imejitokeza kwingine, faili lenyewe ni zima na taabu iko katika kulisoma.

Ipo na hali ya tatu, ambayo huwachanganya hata mafundi. Picha inaganda mahali palepale kila mara, lakini bila vipande vya mraba. Inatulia sekunde kadhaa, kisha inaruka mbele. Hiyo ni dalili ya sekta mbovu: diski inajaribu kusoma sehemu iliyoharibika, inashindwa, inarudia tena na tena, hadi mashine inapokata tamaa na kuendelea na sehemu inayofuata. Sogeza sikio karibu na kinasa wakati huo, chumba kikiwa kimya, na huenda ukasikia mlio mdogo, tik, tik, tik, unaokoma mara tu picha inapoendelea.

Vipande vya mraba vina asili yake, na ukiijua utaelewa kwa nini ninashuku mawimbi kuliko diski. Video ya kidijitali haihifadhi kila picha kwa ukamilifu wake. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa nusu sekunde hivi, au zaidi kidogo, huhifadhi tu yale yaliyobadilika, ndipo ije picha nzima nyingine. Data hizo husafiri angani zikiwa zimegawanywa katika pakiti za baiti 188 kila moja. Pakiti chache zikipotea njiani, king'amuzi huendelea kuchora mabadiliko juu ya picha iliyokwisha haribika, mpaka picha nzima inayofuata ifike na kufuta makosa yote kwa mara moja. Umeandika kwamba baada ya kukwaruza "mambo hurudi sawa". Hivyo ndivyo upotevu wa pakiti unavyoonekana.

Lakini utaniuliza, mbona matangazo ya moja kwa moja ni safi? Umejiita mtazamaji wa usiku, nami nadhani rekodi unazozitazama usiku zilinaswa mchana, ukiwa kazini. Mawimbi ya usiku uliyoyaona kwa macho yako hayashuhudii chochote kuhusu mawimbi ya saa 8 mchana, wakati jua limeipasha moto LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi, upepo unatikisa waya, au mota ya jirani inafanya kazi. Siku ya mapumziko fungua ukurasa wa mawimbi katika menyu, saa zilezile rekodi zako zinapofanyika, uutazame kwa dakika kumi. Utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Usidanganywe na ule wa nguvu, kwa maana unaweza kujaa huku wa ubora ukipanda na kushuka. Mawimbi ya kidijitali hayafifii polepole kama yale ya zamani yaliyoleta chengachenga. Hukaa sawa hadi ukingoni, kisha huanguka ghafla, na mtu aliye hatua moja kutoka ukingoni huona picha nzuri kabisa.

Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha diski nzima nyumbani kwangu, nikapoteza rekodi zote, na baada ya wiki moja vipande vya mraba vikarudi vilevile. Nilipopanda juu na kufungua konekta ya waya kwenye LNB, tone la maji lilidondoka kidoleni, na uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umevaa ukungu wa kijani. Nilikata waya hadi kwenye shaba nyekundu, nikafunga konekta mpya na kuizungushia utepe wa mpira. Ile diski ya kwanza ninayo mpaka leo, na ni nzima.

Fanya na jaribio moja zaidi kabla ya kumwita mtu. Tazama chaneli moja kwa moja, bonyeza kitufe cha kusimamisha, subiri dakika tano, kisha cheza. Kitakachoonekana baada ya hapo kimeandikwa kwenye diski na kusomwa kutoka kwenye diski dakika tano baadaye. Kikicheza bila doa mara kadhaa, diski yako inaandika na kusoma vizuri, walau katika sehemu hiyo.

Ikiwa vipimo vyote vitaielekea diski, angalia kama menyu ya king'amuzi inaonyesha taarifa za SMART, ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Kipengele nambari 5 huhesabu sekta zilizokwisha tengwa kwa ubovu, na nambari 197 huhesabu zile zinazoshukiwa. Hesabu hizo zikiongezeka wiki hadi wiki, usingoje. Tazama au nakili unachokitaka sasa. Nambari 199 ni ya namna nyingine, kwani huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, na mara nyingi dawa yake ni kuchomoa waya wa diski na kuuchomeka upya, au kuubadilisha, kazi ya dakika moja kwa anayejua kufungua mashine.

Joto nalo lisisahauliwe. Diski nyingi zimetengenezwa kufanya kazi chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, na diski ya kinasa haipumziki: katika vinasa vingi huandika muda wote runinga inapowaka, ili uweze kusimamisha kipindi wakati wowote. Kinasa kilichofungiwa kabatini juu ya amplifaya kinajipika. Ukiweka kiganja juu yake na kushindwa kukiacha hapo kwa sekunde kumi, kihamishe.

Swali: Mhariri, nimechomeka diski ya nje kwenye tundu la USB la king'amuzi. Inawaka vizuri, lakini kurekodi kunapoanza inalia "tik" na kupotea kwenye menyu. Fleshi ya kawaida haileti shida hiyo, isipokuwa filamu moja hugawanyika vipande viwili au vitatu, na kati ya kipande na kipande maneno humezwa. — *Mwenye diski ya mkononi*

Jibu: Hayo ni matatizo mawili yasiyohusiana, ingawa yamekupata kwenye tundu moja.

Diski yako ina njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500 kwa volti 5, na lile la USB 3.0 miliampea 900, ilhali diski ndogo ya kuzunguka huweza kuhitaji karibu ampea nzima wakati mota yake inapoanza kuzunguka. Umeme ukipungua, diski hurudisha kichwa chake mahali pa kuegesha, na huo ndio mlio uliousikia, kisha king'amuzi hudhani imechomolewa. Tumia diski yenye adapta yake ya umeme, au kigawio cha USB chenye adapta yake. Waya mfupi na mnene husaidia kidogo. Waya mrefu mwembamba hula umeme njiani.

Fleshi yako imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili linalofikia gigabaiti 4. Chaneli ya picha angavu inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hujaza gigabaiti 3.6 kwa saa, hivyo filamu ya saa mbili lazima ikatwe. King'amuzi kizuri hucheza vipande hivyo mfululizo bila wewe kuhisi. Chako kinaonekana kuchelewa kufungua kipande kinachofuata. Kama menyu inatoa nafasi ya kufomati kwa mfumo mwingine, kama vile NTFS, exFAT au ext4, chagua mojawapo, ukikumbuka kwamba kufomati hufuta kila kilichomo. Na kwa kurekodi mara kwa mara, fleshi si chombo changu cha kwanza. Nyingi huandika kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza mwendo zinapopata joto au kujaa, na kinasa hakiwezi kuyaambia mawimbi yangoje.

Usishangae, ukinunua diski ya terabaiti 1, mashine ikikuonyesha gigabaiti 931. Hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, na mashine nyingi huhesabu kwa 1,024.

Swali: Shikamoo Mhariri. King'amuzi chetu kinasema kinaweza kurekodi chaneli moja huku tukitazama nyingine. Kwa kweli kinaweza mara nyingine, na mara nyingine hakiwezi. Jana mama yao alirekodi tamthilia, watoto wakahamia katuni, skrini ikaandika hakuna mawimbi. Juzi ilikuwa kinyume: walitazama katuni bila shida, lakini tulipofungua rekodi ya tamthilia tukaikuta ina dakika 0. Dishi ni zima na mawimbi ni mazuri. — *Baba wa nyumba yenye rimoti moja*

Jibu: Marahaba. Kabla ya kulaumu mashine, geuza king'amuzi utazame mgongo wake. Kama kina matundu mawili ya kuingizia waya wa dishi na wewe umechomeka mmoja tu, jibu umelipata.

LNB iliyo mbele ya dishi hupokea mawimbi ya namna mbili, yaliyosimama wima na yaliyolala, na kila namna imegawanyika katika masafa ya chini na ya juu, jumla makundi manne. King'amuzi huchagua kundi kwa kutuma umeme juu ya waya uleule unaoleta picha: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa yaliyolala, na mlio wa kilohezi 22 kikitaka masafa ya juu. LNB hutii, na kuteremsha kundi hilo moja tu. Waya mmoja kwa hiyo hubeba robo moja ya kile kilichomo angani kwa wakati mmoja. Tamthilia na katuni zikiwa katika robo moja, zote mbili hupatikana, nanyi mnaona mashine inafanya kazi. Zikiwa katika robo tofauti, anayeshika waya kwanza hushinda na mwingine hukosa. Ndiyo sababu kosa lenu linaonekana kama bahati nasibu, wakati lina kanuni thabiti kabisa.

Dawa ni LNB yenye matundu mawili ya kutolea mawimbi na waya wa pili kutoka dishini hadi kwenye tundu la pili. Kuunganisha kigawio mwishoni mwa waya mmoja hakusaidii, ingawa kuna watakaokushauri hivyo, kwa sababu kigawio hugawa mawimbi yaliyokwisha shuka. Hakiwezi kuiagiza LNB mambo mawili kwa pamoja. Ambapo waya wa pili hauwezi kupita, ipo mifumo ya waya mmoja, kama Unicable, ambayo hupanga kila kipokezi katika masafa yake ndani ya waya huohuo, lakini LNB na king'amuzi lazima vyote viwe vinauelewa mfumo huo. Ukishachomeka waya wa pili, ingia kwenye menyu na ukitaarifu king'amuzi kuwa sasa kina nyaya mbili, maana vingi havigundui vyenyewe.

Wanaotumia antena ya kawaida badala ya dishi hawana shida hii. Antena huteremsha masafa yote kwa pamoja, na kigawio kwao kinafaa, mradi mawimbi yana nguvu ya kutosha kugawanywa.

Swali: Nimerekodi mechi tatu, na zote tatu zimekatika kabla ya mwisho. Katika moja nimeona penalti ikitengwa, mpigaji akirudi nyuma hatua nne, kisha menyu. — *Shabiki aliyeumia*

Jibu: Pole sana. Kinasa chako kinafuata saa, na mechi haikufuata. Ratiba inayoonekana kwenye skrini hutumwa na kituo cha matangazo. Vinasa vingine husikiliza ishara ya kituo inayosema kipindi gani kinaendelea sasa, na vingine hukata tu dakika ikifika. Kwa kuwa huwezi kuwa na hakika kwamba kituo kitasahihisha ratiba mechi ikiongezewa muda, weka nyongeza: dakika 3 kabla na walau dakika 60 baada, kwa mechi inayoweza kufika muda wa ziada na penalti. Angalia tu kwamba nyongeza hiyo haigongani na rekodi nyingine iliyopangwa kuanza, kwa maana baadhi ya vinasa hukata ya kwanza bila kuuliza.

Rekodi zikianza mapema au kuchelewa kwa saa nzima nzima, hilo ni jambo jingine. King'amuzi hupokea saa ya dunia kutoka kwenye mawimbi na kuongeza tofauti ya eneo lako. Tofauti iliyowekwa vibaya kwenye menyu husogeza kila kitu. Na anayezima soketi ukutani ili kuokoa umeme ajue kwamba kinasa kilichozimwa ukutani hakiamki kurekodi. Kiache katika hali ya kusubiri.

Swali: Katika rekodi zangu, sauti hutangulia midomo. Mara nyingine inaanza vizuri na kuharibika katikati. Nimeweka upya kila kitu mara mbili. — *Msikilizaji makini*

Jibu: Linganisha kwanza na matangazo ya moja kwa moja. Ikiwa hata huko sauti inatangulia, kinasa hakina kosa: runinga inachukua muda kuichakata na kuipamba picha, huku sauti ikikimbilia kwenye spika za nje kwa waya wake. Tafuta katika menyu ya spika au ya runinga mahali pa kuchelewesha sauti, uongeze kidogo kidogo huku ukitazama mtu anayesema maneno yenye herufi "p" na "b", ambazo hufunga midomo waziwazi. Washa pia hali ya michezo ya kompyuta katika runinga, kama ipo, kwa kuwa hupunguza upambaji wa picha. Sikio lako halikudanganyi. Pendekezo la BT.1359 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linataja kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti inayotangulia kwa milisekunde 45 tu, lakini ile inayochelewa huivumilia hadi milisekunde 125 kabla ya kuigundua. Ni jambo la maumbile: tumezoea kumwona mkata kuni wa mbali akishusha shoka kabla ya kusikia pigo, na hatujawahi kusikia pigo kabla ya shoka.

Lakini umesema mara nyingine huharibika katikati, na hapo ninaishuku rekodi. Kila kipande cha picha na cha sauti hubeba muhuri wa wakati, unaohesabiwa kwa mapigo 90,000 kwa sekunde, na mashine huvilinganisha kwa mihuri hiyo. Mawimbi yakikatika wakati wa kurekodi, mihuri hupotea au huruka, na baadhi ya vinasa hushindwa kushika tena mstari. Rudi nyuma sekunde kumi au simamisha kisha cheza. Mara nyingi mashine hulazimika kusoma mihuri upya na midomo hurudi mahali pake. Tofauti inayokua polepole tangu mwanzo hadi mwisho, bila mahali popote palipovunjika, hutokana zaidi na programu ya kinasa, na hapo tafuta toleo jipya la programu hiyo badala ya kuweka upya mipangilio kwa mara ya tatu.

Swali: King'amuzi cha zamani kimegoma kuwaka. Nimenunua kingine cha aina hiyohiyo na kuhamishia diski, lakini kinataka niifomati. Ndani yake kuna vipindi alivyoonekana marehemu babu yetu akihojiwa. Nibonyeze ndiyo? — *Mjukuu*

Jibu: Usibonyeze, tafadhali. Chomoa diski hiyo leo, uifunge kwenye mfuko mkavu, uiandike jina.

Ving'amuzi vingi, hasa vya kulipia, hufunga rekodi kwa ufunguo wa siri unaokaa ndani ya bodi ya king'amuzi kimoja mahususi. Mwenzake wa aina hiyohiyo ana ufunguo wake, na kwake diski yako ni makelele yasiyosomeka. Ndiyo maana anaomba kuifuta. Hata kompyuta itakuonyesha, pengine, majina ya mafaili na ukubwa wake, lakini hayatacheza. Kwa hiyo tumaini lako liko katika kile king'amuzi kilichogoma. Usikitupe.

Habari njema ni kwamba king'amuzi kisichowaka kabisa, bila hata taa, mara nyingi kimekufa upande wa umeme tu. Sehemu hiyo katika mashine nyingi ni bodi ya pekee, au ni adapta ya nje, na kuibadilisha hakugusi bodi kuu yenye ufunguo. Fundi akifungua, mwombe atazame kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme kwenye bodi: zile zenye kichwa kilichovimba kama kifuniko cha kopo lililoharibika ndizo washukiwa wa kwanza. Usifanye mwenyewe kama hukusomea, kwa sababu katika nyumba zenye umeme wa volti 230 kapasita kubwa ya bodi hiyo hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo kwa muda hata baada ya plagi kuchomolewa. Mweleze fundi kwa kinywa na kwa maandishi kwamba bodi kuu isibadilishwe na diski isifomatiwe. King'amuzi kikiwaka, rudisha diski yake, na kama ni cha kulipia rudisha na kadi yake. Na kituo kilichorusha mahojiano hayo, kama bado kipo, kinaweza kuwa na nakala katika maktaba yake. Waandikie ukitaja tarehe.

Swali: DVR ya kamera zetu za nyumbani inaonyesha picha za sasa vizuri, lakini nikitafuta kilichotokea Jumanne iliyopita, kalenda ni tupu. Umeme ulikatika Jumapili. — *Mlinzi wa nyumba*

Jibu: Kukatika kwa umeme Jumapili kunanipa jibu. Fungua kalenda ya kuchezea rekodi, lakini usiende Jumanne. Rudi nyuma hadi mwaka 2000, au mwaka wowote ambao saa ya mashine yako huanzia ilipotoka kiwandani. Kuna uwezekano mkubwa utazikuta siku zimetiwa rangi huko. Katika mashine nyingi saa hushikiliwa na betri bapa ya volti 3, mara nyingi ya aina ya CR2032, na betri hiyo ikiisha, kila umeme unapokatika saa huanza upya. Kamera ziliendelea kurekodi, ila zilibandika tarehe ya uongo. Baada ya Jumanne ukasahihisha saa, au mashine ikaipata yenyewe kupitia intaneti? Basi rekodi zimegawanyika katika nyakati mbili. Hesabu saa zilizopita tangu umeme uliporudi Jumapili hadi wakati unaoutafuta, uongeze juu ya mwanzo wa siku ile ya kiwandani, na utafika Jumanne yako.

Lifanye hilo leo, kwa kuwa diski ikijaa mashine hufuta za zamani ili kuandika mpya, na kwa macho yake rekodi ya mwaka 2000 ndiyo ya zamani kuliko zote. Kamera nne za megabiti 2 kwa sekunde kila moja hula gigabaiti 86.4 kwa siku, hivyo diski ya terabaiti 1 hutosha siku 11 na nusu tu. Ukiipata sehemu unayoitaka, inakili kwenye fleshi pamoja na programu ya kuichezea ambayo DVR nyingi hutoa wakati wa kunakili, ndipo ubadilishe betri, urekebishe saa, na uzime umeme wa mashine kwa dakika tano uone kama saa itakumbuka.